Mtambo wa Meli na Hukumu Juu ya Waluguru

Yako maneno mawili ambayo mwanafunzi wa nchi hii huyapokea mapema katika masomo yake, na asipoyapima huzeeka nayo. La kwanza lasema kwamba meli ya mvuke ilivumbuliwa na Robert Fulton, Mmarekani, mwaka wa 1807. La pili lasema kwamba Waluguru, na hasa watu wa Matombo, waliyakataa matuta ya ngazi mwaka wa 1955 kwa kuwa walikuwa wazito wa kupokea mambo mapya. Msomaji ataniuliza maneno haya yana udugu gani. La kwanza ni la mto Hudson, la pili ni la milima ya Uluguru. La kwanza ni la chuma na moto, la pili ni la jembe na udongo. Nami najibu kwamba ni mapacha. Yote mawili yamezaliwa na dhana moja, kwamba wanadamu ni mafungu mawili: fungu la wavumbuzi, ambao hutoa, na fungu la wakataaji, ambao hupewa wakasusa. Nakusudia kuipinga dhana hiyo, na shahidi wangu atakuwa mtambo wa meli wenyewe, kwa sababu ndiye shahidi ambaye wenye dhana hiyo hupenda kumwita.

Tuanze na fungu la wavumbuzi. Tangu kale chombo cha majini kimetumikia mabwana wanne: pondo, kafi, kasia na tanga. Katika pwani yetu tanga lilikuwa bwana mkubwa. Jahazi zilikwenda Arabuni na Bara Hindi, zikarudi, kwa kalenda ya kusi na kaskazi. Lakini upepo hauna ahadi, na mikono huchoka. Kwa hiyo tamaa ya kukiendesha chombo kwa mtambo ni ya zamani sana, wala si ya bara moja. Mwandishi mmoja wa dola ya Kirumi, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, alieleza habari za manowari yenye magurudumu ya makasia yazungushwayo na ng'ombe. Wachina walipita kueleza wakatenda: katika vita vya Caishi, mwaka wa 1161, majeshi ya dola ya Song yaliingia mtoni na merikebu za magurudumu yaliyokanyagwa kwa miguu ya watu, nayo yakashinda. Basi gurudumu la kusukuma maji lilikwisha kuwako karne nyingi kabla ya Fulton kuzaliwa. Kilichokosekana kilikuwa nguvu isiyochoka, nayo ilikuja kupatikana katika mvuke.

Hapo ndipo habari hii ilipogeuzwa kuwa mashindano ya mataifa. Mwaka wa 1826 ilichapishwa habari kwamba Blasco de Garay aliendesha merikebu kwa mvuke katika bandari ya Barcelona mwaka wa 1543. Habari ilishangiliwa, lakini nyaraka zenyewe zilipochunguzwa ilionekana kwamba magurudumu ya de Garay yalizungushwa na watu, wala mvuke haukuwamo. Denis Papin, Mfaransa, naye husifiwa kwamba aliteremka mto Fulda, katika nchi ya Wadachi, kwa chombo cha mvuke mwaka wa 1707. Papin alikuwa bingwa wa mvuke kweli, lakini chombo kile kilikwenda kwa nguvu za mikono. Lililo la hakika, ambalo husemwa kwa sauti ndogo, ni kwamba alipofika Münden chama cha waendesha mashua wa mto ule kilimzuia, na chombo chake kikavunjwa. Walikuwa na haki yao ya kale ya kuchukua mizigo mtoni, nao hawakuwa tayari kuiona haki hiyo ikipita mbele ya macho yao. Namsihi msomaji aliweke jambo hili akiba, tutalihitaji.

Tarehe 15 Julai 1783, katika mto Saône mjini Lyon, Marquis de Jouffroy aliwasha moto katika chombo chake kilichoitwa Pyroscaphe, nacho kikapanda dhidi ya mkondo kwa muda wa robo saa hivi, mbele ya umati wa watu. Chuo cha Sayansi cha Paris hakikutaka kuupokea ushahidi wa umati. Kilimtaka arudie jaribio lake katika mto Seine; naye hakuwa na fedha ya kurudia. Kule Marekani, John Fitch alionyesha chombo chake katika mto Delaware mwaka wa 1787, wakati wajumbe wa kutunga katiba ya nchi ile walipokuwa wakikutana mjini Philadelphia. Mwaka wa 1790 chombo chake kingine kilichukua abiria kwa siku na saa zilizotangazwa, miaka 17 kabla ya Fulton. Mtambo ulifanya kazi. Abiria hawakuja wa kutosha. Barabara za kando ya mto zilifaa, na watu wengi hawakuona sababu ya kukaa karibu na tangi la maji yachemkayo. Fitch alikufa mwaka wa 1798, fukara aliyevunjika moyo.

Sasa naomba tusimame kidogo Scotland, maana ndiko uliko uzito wa hoja yangu. William Symington aliunda chombo kilichoitwa Charlotte Dundas, chenye gurudumu moja upande wa tezi, na injini yenye pistoni iliyolazwa. Mwezi wa Machi 1803 kilivuta matishali mawili, kila moja na shehena ya tani 70, katika mfereji wa Forth na Clyde. Kilikwenda zaidi ya kilomita 30 mpaka Glasgow, na siku hiyo upepo wa mbele ulikuwa mkali hata vyombo vingine katika mfereji havikuweza kusogea. Hapana aliyeweza kusema kwamba mtambo haufai kitu. Hata hivyo wenye mfereji waliukataa. Walisema kwamba mawimbi yatokayo katika gurudumu yatakula kingo za mfereji. Udongo utaporomoka, na gharama ya kuutengeneza itakuwa juu yao. Duke wa Bridgewater, aliyekuwa na mfereji wake huko Uingereza, aliagiza vyombo vinane vya namna hiyo. Lakini alifariki mwaka huo huo, na agizo lake likafa naye. Charlotte Dundas kikaachwa kando kioze.

Je, wenye mfereji walikuwa wajinga? Sidhani. Mfereji ulikuwa wao, fedha ilikuwa yao, na kingo zilikuwa zao. Walikuwa na haki ya kuuliza ni nani atakayelipa udongo ukiporomoka, na aliyewaletea mtambo hakuwa na jibu la kuwaridhisha. Vitabu vimewaita waangalifu, na pengine wabahili. Sijaona kitabu kilichowaita washenzi, wala kilichosema kwamba taifa la Waskoti ni zito wa kupokea mambo mapya.

Turudi kwa Fulton, tuone ni nini alichokuwa nacho ambacho Fitch na Symington walikikosa. Injini yake ilitengenezwa Uingereza katika kiwanda cha Boulton na Watt, yeye hakuivumbua. Mshirika wake, Robert Livingston, alikuwa tajiri na mtu wa siasa mwenye nguvu, naye alikwisha kujipatia katika jimbo la New York haki ya pekee ya kuendesha vyombo vya mvuke katika maji yake. Hudson ni mto mpana wenye kina, na njia kati ya New York na Albany ilikuwa na abiria na bidhaa. Mwezi wa Agosti 1807 chombo cha Fulton kilikwenda maili 150 za njia hiyo kwa muda wa saa 32. Tangu siku hiyo mtambo haukuhitaji tena kujieleza, kwa sababu ulikuwa ukilipa. Wazee wetu walisema kwamba chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Nyenzo za Fulton zilikuwa injini ya wengine, fedha ya mshirika, sheria ya jimbo na mto uliofaa. Na hata ile haki ya pekee ilikuja kuvunjwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka wa 1824. Simnyimi sifa. Alijua kuviunganisha vitu hivi, na kuunganisha ni akili. Lakini kumwita mvumbuzi peke yake ni kuwafuta watu, na, lililo baya zaidi, ni kuficha sababu.

Historia ya rafadha yathibitisha hayo. Rafadha ni parafujo lizungukalo majini chini ya tezi, likakisukuma chombo kwa kujisokota katika maji, kama vile parafujo la seremala lijisokotavyo katika ubao. Josef Ressel, mtumishi wa misitu katika dola ya Austria, alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka wa 1827. Alipokijaribu chombo chake, Civetta, katika bandari ya Trieste mwaka wa 1829, bomba la mvuke liliharibika, na polisi wakayapiga marufuku majaribio. Kosa lilikuwa la bomba; adhabu ikaipata rafadha. Mwaka wa 1836 hati mbili zilitolewa Uingereza: moja kwa Francis Pettit Smith, aliyekuwa mkulima, na nyingine kwa John Ericsson, Mswidi. Rafadha ya Smith ilikuwa ya mti, yenye mizunguko miwili. Katika jaribio moja ilivunjika ikabaki nusu, na mashua badala ya kusimama ikaongeza mwendo. Hivyo ndivyo alivyofahamu kwamba fupi hufaa kuliko ndefu. Ericsson naye aliwavuta wakuu wa jeshi la wanamaji la Uingereza katika mto Thames mwaka wa 1837, wameketi ndani ya mashua yao wenyewe. Walivutwa, wakafika, wakashuka. Kisha ikasemwa kwamba chombo kisukumwacho kwa nyuma hakitatii usukani. Walikuwa wamekiona kikitii. Ericsson akahamia Marekani mwaka wa 1839. Ilipofika mwaka wa 1845 ndipo jeshi hilo lilipoifunga manowari ya rafadha, Rattler, tezi kwa tezi na manowari ya magurudumu, Alecto, na Alecto ikaburutwa kinyumenyume, magurudumu yake yakipiga maji bure.

Naomba sasa tuwahesabu wakataaji. Wamo waendesha mashua wa Münden, wataalamu wa Paris, abiria wa Philadelphia, wenye mfereji wa Scotland, polisi wa Trieste na wakuu wa wanamaji wa London. Watu hawa ni wa Ulaya na Marekani, wengi wao wenye elimu, na wengine kazi yao ilikuwa elimu yenyewe. Sababu zao si sawa. Wa Münden walilinda haki yao ya pekee. Wa Paris walilinda heshima ya chuo chao. Wa London walishikilia hoja ambayo macho yao yalikwisha kuikanusha. Wa Scotland walilinda udongo. Mwanahistoria mwema huwatenganisha, akapima kila mmoja kwa sababu yake. Hicho ndicho kipimo. Tukichukue, tupande nacho huku kwetu.

Tuanzie pwani. Mwaka wa 1872 kampuni ya British India ilianza kuleta Unguja meli ya posta kila mwezi kutoka Aden. Lugha yetu ilimpa mgeni huyu jina la mzigo wake, kwa maana neno meli latokana na neno la Kiingereza la barua za posta. Jahazi hazikufa kwa hayo. Nahodha aliiona meli, akaelewa faida yake katika haraka na uhakika wa siku. Kisha akafanya hesabu. Makaa ya mawe hununuliwa, na kaskazi haiuzwi. Kwa mzigo wa boriti, tende au chumvi, ambao hauozi wala hauna haraka, tanga lilikuwa bado bwana mwenye ujira mdogo. Wageni walioliona jambo hili waliandika juu ya usingizi wa Mashariki. Mimi naona daftari la mfanyabiashara.

Huku bara, mtambo wa meli ulikuja juu ya mabega ya watu. Mwaka wa 1875 meli Ilala iliingia katika ziwa Nyasa. Lakini kabla ya kuingia ilifunguliwa vipande vipande chini ya maporomoko ya mto Shire, na mamia ya wapagazi wakaichukua, mabamba, bomba na tangi la mvuke, mpaka juu ya maporomoko, ikaungwa tena. Mwaka wa 1885 meli Good News ya wamisionari wa London iliteremshwa katika ziwa Tanganyika kwa namna hiyo, vipande vyake vikiwa vimetolewa pwani na kupitishwa njia ya Nyasa. Katika vita vya mwaka wa 1914, manowari ya Wadachi, Königsberg, ilipojificha katika mdomo wa Rufiji na mitambo yake kuharibika, sehemu za tangi zake za mvuke zilikokotwa kwa nchi kavu mpaka Dar es Salaam kutengenezwa, zikakokotwa tena kurudi Rufiji. Waingereza nao, walipotaka kuingia katika ziwa Tanganyika kwa siri mwaka wa 1915, walizipitisha mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, juu ya milima ya Kongo, kwa reli, kwa mitambo ya kukokota, kwa ng'ombe, na kwa mikono ya wenyeji waliofyeka njia na kujenga madaraja. Nahodha wa kila chombo tumepewa jina lake. Wapagazi tumepewa hesabu yao tu, na pengine hata hesabu hatukupewa. Je, mtambo usioweza kufika majini bila bega la mtu, ni wa nani peke yake?

Ipo meli mbili ambazo zagusa Uluguru karibu zaidi. Ya kwanza ni Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg mwaka wa 1913, ikafunguliwa na kutiwa katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku hayo yalisafiri kwa reli ya kati kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma. Na reli hiyo, iliyofika Morogoro mwaka wa 1907, hupita chini ya milima ya Waluguru. Meli ile iliteremshwa majini mwaka wa 1915, ikazamishwa na Wadachi wenyewe mwaka wa 1916, injini zake zikiwa zimepakwa grisi nzito. Ikaibuliwa mwaka wa 1924, ikarudi kazini mwaka wa 1927 kwa jina la Liemba. Mvuke wake ulidumu mpaka miaka ya 1970, ulipobadilishwa kwa injini za dizeli. Ya pili ni ndogo, iliyotekwa na zile Mimi na Toutou tarehe 26 Desemba 1915. Jina lake lilikuwa Kingani. Kingani ni jina la zamani la mto Ruvu katika sehemu zake za chini, kuelekea Bagamoyo. Na Ruvu maji yake hutoka Uluguru, yakipita katika nchi ya Matombo. Kwa hiyo jina la maji ya Waluguru liliandikwa ubavuni mwa meli ya vita katika ziwa la mbali, na Mluguru hakuulizwa. Hilo ni jambo dogo. Lililo kubwa ni kwamba alipokuja kuulizwa juu ya maji hayo hayo, swali lake lilikuwa amri.

Matombo yako upande wa mashariki wa milima, katika njia itokayo Morogoro kwenda Kisaki. Ni nchi ya miteremko mikali, yenye mvua nyingi na watu wengi. Ardhi yake hushikwa na koo, na ukoo hufuata upande wa mama. Alimaye shamba la ukoo mwingine hulilima kwa ruhusa. Baada ya vita vya pili serikali ya kikoloni iliona mito ikibeba udongo, ikahofu kwamba milima itavuliwa nguo na maji ya bondeni yataharibika. Hofu hiyo haikuwa ya uongo. Ilipofika mwaka wa 1950 ilianzishwa mipango ya kuitengeneza ardhi ya Uluguru, na kiini chake kilikuwa matuta ya ngazi, yachimbwe katika miteremko kwa kazi ya lazima, chini ya sheria za watawala wa kienyeji, pamoja na katazo la kuchoma mashamba. Mwezi wa Julai 1955 watu wa Matombo na jirani zao walikusanyika, wakakataa. Polisi walitumwa; ghasia zikatokea; mtu mmoja akauawa. Mpango ukavunjika mwaka huo huo.

Sababu zao zilikuwa zipi? Zinajulikana, na hazihitaji kupambwa. Udongo wenye rutuba katika miteremko ile ni tabaka jembamba. Ukichimba ngazi katika mteremko mkali, udongo wa juu hufukiwa na udongo wa chini, usio na nguvu, ndio hubaki juu kupandwa. Mkulima huvuna haba baada ya kufanya kazi mara mbili. Kazi yenyewe ilichukua siku ambazo zilikuwa za shamba. Alimaye kwa ruhusa ya ukoo mwingine hakuwa na uhakika kwamba atakayechimba ndiye atakayevuna. Na juu ya yote, hakuna aliyejitolea kuwalipa mavuno yakipungua. Hebu msomaji ayalinganishe maneno haya na yale ya wenye mfereji wa Forth na Clyde. Kule waliuliza: udongo ukiporomoka, atalipa nani? Huku waliuliza: udongo ukifukiwa, atalipa nani? Swali ni moja, na kitu kilichogombewa ni kimoja, yaani udongo. Kule swali liliulizwa mezani, likajibiwa kwa kuuacha mtambo. Huku hapakuwa na meza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na aliyechora matuta yale hakulala katika kitanda cha Matombo.

Ushahidi wa mwisho hauko mbali. Uko Mgeta, upande wa pili wa milima ile ile, kwa Waluguru wale wale. Huko watu hulima mboga katika matuta ya ngazi, nao wameyatunza bila askari kusimama nyuma yao. Mgeta ina hali ya hewa ya baridi ifaayo mboga, ina maji ya kumwagilia, na mboga zake zina soko Morogoro na Dar es Salaam. Tuta la Mgeta humlipa alichimbaye. Basi kama Waluguru ni wazito wa kupokea mambo mapya, uzito huo umekoma vipi katikati ya mlima mmoja? Mgeta ni Hudson, na Matombo ni Delaware: ufundi ni ule ule, mahali na malipo ni mbalimbali. Anayeona tofauti ya mito akaelewa kushindwa kwa Fitch, kisha akaona tofauti ya miteremko akasingizia kabila, huyo ana mizani miwili.

Najua nitapingwa. Wa kwanza atasema kwamba mmomonyoko ulikuwa wa kweli, na miaka iliyofuata imeonyesha mito ikizidi kuchafuka. Nakubali. Mvuke nao ulikuwa wa kweli, na miaka iliyofuata imeonyesha kwamba wenye mfereji walikataa nguvu iliyokuja kuitawala bahari. Kuwa na haki juu ya mwisho wa jambo hakumpi mtu ruhusa ya kumbebesha mwingine gharama ya mwanzo wake bila kumsikiliza. Tena, maji ya Ruvu hunywewa Dar es Salaam. Kama mji wafaidika na mteremko uliotunzwa, ni haki kuuliza mji utamlipa nini mwenye mteremko. Swali hilo halikuulizwa mwaka wa 1955.

Wa pili atasema kwamba nafananisha wenye mali na wakulima maskini, nao si sawa. Hapo amenisaidia. Wenye mfereji walisikilizwa kwa sababu mali yao ilitambuliwa kuwa mali. Shamba la Mluguru lilihesabiwa kuwa eneo la kazi ya serikali. Tofauti hiyo haikuwa katika akili za watu hawa wawili. Ilikuwa katika sheria, na sheria hutungwa na watu.

Wa tatu, na huyu ndiye namheshimu zaidi, atasema kwamba nikiutetea kila ukataaji nitautetea na ujinga. Sikuutetea kila ukataaji. Wakuu wa London nimewashitaki, na watu wa Münden sikuwasamehe. Ukataaji hupimwa kwa sababu zake: kama sababu ni ya uongo, na isemwe, kama ni choyo, na ifichuliwe, kama ni hesabu ya haki, na iheshimiwe. Ninachodai ni kwamba Matombo ipimwe kwa mizani iliyoipima Scotland, basi.

Kwa nini nadai leo, wakati utawala ule ulikwisha mwaka wa 1961? Kwa sababu sentensi yake haikwisha. Ingali ikiandikwa katika taarifa: wakulima hawataki kubadilika, wavuvi hawaelewi faida, wananchi waelimishwe. Nao waiandikao si wageni tena. Ni sisi, tuliotoka katika vyumba vya mihadhara, wahandisi, mabwana shamba, wachumi na walimu, tunaokwenda kijijini na mchoro uliokamilika, na kukataliwa kukitokea tunarudi na lawama iliyokamilika. Ambaye alifundishwa kwamba Fulton aliivumbua meli peke yake, na dunia ikaipokea kwa shukrani, atawezaje kuelewa kijiji kinachosema hapana? Atakiona ni kizuizi katika njia ya historia. Ambaye alifundishwa habari za Fitch na Symington na Ressel atajua kwamba hapana ni sehemu ya historia ya kila mtambo, na kwamba mara nyingi ndiyo iliyosema ni nini kilichopungua.

Basi nawaomba walimu wetu mambo matatu. Meli ya mvuke ifundishwe pamoja na waliokosa mto, waliokosa fedha na waliokatazwa na polisi. Habari za meli za maziwa yetu zifundishwe pamoja na wapagazi wake, na wale ambao majina yao bado yaweza kupatikana katika kumbukumbu za misheni na za reli yatafutwe kabla karatasi hazijaoza. Na habari za mwaka wa 1955 ziandikwe kutoka katika vinywa vya wazee wa Matombo, kwa Kiluguru na kwa Kiswahili, ikiwa bado wako waliokuwa vijana siku zile, au watoto wao waliosimuliwa. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Yahitaji mwanafunzi, daftari, na nauli ya kwenda Morogoro na kupanda mlima.

Wenye mfereji wa Scotland walipokataa, mtambo ulirudi kwa mafundi ukatengenezwa mpaka ukapata njia yake. Watu wa Matombo walipokataa, waliokuja na matuta waliandika kwamba watu ndio wabovu. Mpaka tutakapoufuta uamuzi huo wa pili katika vitabu vyetu na katika vichwa vyetu, tutaendelea kuwapelekea wananchi vyombo visivyokwenda, na kuyalaumu maji.